Otto Jespersen na Mabadiliko ya Sentensi ya Kiingereza

Jens Otto Harry Jespersen (1860–1943) alikuwa mwanaisimu wa Denmark. Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza, lakini ndiye aliyekiandikia mojawapo ya sarufi kubwa kuliko zote zilizowahi kutungwa. Anakumbukwa kwa sarufi hiyo ya juzuu saba, kwa istilahi ambazo bado zinatumika vyuoni, na kwa hoja moja iliyowagawa wataalamu wa zama zake: kwamba lugha inayopoteza viambishi vyake haidhoofiki, bali inaendelea. Hoja hiyo ilikuwa uti wa mgongo wa kazi yake yote. Aliitumia kukitetea Kiingereza dhidi ya wasomi waliokiona kuwa ni lugha iliyochakaa. Kisha aliitumia kuzipima lugha za Kibantu, na hapo kipimo chake kikapwaya. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuyafahamu yote mawili.

Utoto na masomo

Jespersen alizaliwa tarehe 16 Julai 1860 katika mji wa Randers, kwenye rasi ya Jutland. Baba yake alikuwa mwanasheria, na ilitazamiwa kwamba mwana naye angefuata njia hiyo. Alifiwa na wazazi wake akiwa bado mdogo. Akiwa shuleni alikutana na vitabu vya Rasmus Rask, mwanaisimu mashuhuri wa Denmark aliyefariki mwaka 1832, na kwa msaada wa sarufi za Rask alijifunza mwenyewe misingi ya Kiaislandi, Kiitalia na Kihispania.

Mwaka 1877, akiwa na umri wa miaka 17, alijiunga na Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea sheria. Miaka minne baadaye aliiacha na kujitolea kabisa kwa lugha. Alijikimu kwa kufundisha shuleni na kwa kuandika hati mkato katika bunge la Denmark. Kazi hiyo ya pili humlazimu mtu kusikiliza maneno jinsi yanavyotamkwa midomoni mwa watu, na usikivu huo unaonekana katika kila kitabu alichoandika baadaye. Mwaka 1887 alipata shahada ya uzamili katika Kifaransa, pamoja na Kiingereza na Kilatini.

Kabla ya hapo, mwaka 1886, alikuwa amemwandikia Paul Passy wa Ufaransa akipendekeza kuundwa kwa alfabeti moja ya kifonetiki ya kutumika kwa lugha zote. Wazo hilo lilichangia kuzaliwa kwa Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa, ambayo leo hupatikana katika kamusi nyingi. Baada ya shahada alisafiri Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, akakutana na Passy na pia Henry Sweet, mtaalamu mkuu wa fonetiki ya Kiingereza. Alirejea Copenhagen mwaka 1888 kwa ushauri wa mwalimu wake, Vilhelm Thomsen, na mwaka 1891 alitetea tasnifu yake ya udaktari. Mada yake ilikuwa uhusika katika Kiingereza, yaani namna umbo la nomino au kiwakilishi linavyoonyesha kazi yake katika sentensi. Mwaka 1893 aliteuliwa kuwa profesa wa Kiingereza katika chuo hicho, na alishika nafasi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1925.

Sentensi ya kale na viambishi vyake

Ili kuelewa kilichomshughulisha Jespersen, yafaa kwanza kutazama jinsi sentensi ya Kiingereza ilivyokuwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kiingereza cha Kale kilikuwa na viambishi tamati vingi. Nomino, vivumishi na hata neno dogo linaloitangulia nomino vilibadilika kulingana na kazi ya nomino hiyo. Mfalme anayetenda aliitwa se cyning. Mfalme anayetendwa aliitwa þone cyning. Kitu cha mfalme kilikuwa þæs cyninges. Na mfalme anayepewa kitu alikuwa þam cyninge. Herufi þ ilitamkwa kama th katika neno thamani.

Kwa kuwa umbo lenyewe lilitaja kazi ya neno, mpangilio wa maneno ungeweza kubadilishwa bila kuharibu maana. Se cyning geseah þone biscop na þone biscop geseah se cyning zote zilimaanisha kwamba mfalme alimwona askofu. Katika Kiingereza cha leo hilo haliwezekani. The king saw the bishop na the bishop saw the king ni habari mbili tofauti, na kinachozitofautisha ni nafasi tu. Aliyetangulia kitenzi ndiye aliyeona.

Mabadiliko hayo yalichukua karne kadhaa. Irabu za mwisho wa neno, ambazo hazikuwa na mkazo, zilififia hadi zikafanana, kisha nyingi zikatoweka. Kaskazini na mashariki mwa Uingereza, Waingereza waliishi pamoja na walowezi kutoka Skandinavia, watu ambao mashina ya maneno yao yalikaribiana na ya Kiingereza huku miisho ikitofautiana. Baada ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066, lugha ya dola na mahakama ikawa Kifaransa, na Kiingereza kikaendelea kukua vinywani mwa watu bila mlinzi wa kuyahifadhi maumbo yake ya kale. Kiliporudi kwenye heshima yake katika karne ya 14, sehemu kubwa ya viambishi hivyo haikuwepo tena.

Kuchakaa au kuendelea?

Wasomi wengi wa karne ya 19 waliitazama historia hiyo kwa masikitiko. Walilelewa kwa Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti, lugha zenye viambishi kwa wingi, nao wakaamini kwamba wingi huo ndio ukamilifu. Mjerumani August Schleicher (1821–1868), aliyezigawa lugha za dunia katika ngazi, alitoa mfano wa kitenzi cha Kigothi habaidedeima na mwenzake wa Kiingereza, had. Kwake, had ilikuwa kama sanamu iliyobingirishwa mtoni muda mrefu hata viungo vyake vikasagika, ikabaki gogo la jiwe.

Jespersen aliujibu mfano huo kwa kuugeuza. Katika kitabu chake kuhusu maendeleo ya lugha, kilichotoka mwaka 1894, alionyesha kwamba kitenzi hicho cha Kigothi kilikuwa na maumbo 15 tofauti katika njeo iliyopita, kulingana na nafsi, idadi na hali. Umbo moja la had linafanya kazi ya yote hayo 15, na msikilizaji haachwi gizani, kwa sababu kiwakilishi kinachotangulia kimekwisha kumwambia nani anazungumziwa. Mzungumzaji wa Kigothi alibeba mzigo mkubwa zaidi bila kusema jambo zaidi. Kwa Jespersen, lugha iliyo bora ni ile inayoeleza mengi kwa njia chache na nyepesi. Kwa kipimo hicho Kiingereza hakikuporomoka hata kidogo, kilipanda. Kichina nacho, ambacho wafuasi wa ngazi za zamani walikiweka chini kabisa kwa kukosa viambishi, kilipandishwa karibu na kilele.

Kulikuwa na swali gumu zaidi. Je, mpangilio wa maneno ulikazwa kwa sababu viambishi vilikuwa vimepotea, au viambishi vilipotea kwa sababu mpangilio ulikuwa tayari umekazwa? Jespersen aliegemea upande wa pili. Kama viambishi vingetoweka kwanza, alihoji, watu wangepitia kipindi cha kutoelewana, na hakuna jamii inayokubali lugha isiyoeleweka. Kwa hiyo mazoea ya kutanguliza kiima yalikuja kwanza, kisha viambishi vikawa kama fimbo ya mtu aliyekwisha kupona mguu. Wataalamu wengine walishikilia kwamba kufifia kwa sauti ndiko kulikoanza, na wengi wa leo huona mambo hayo mawili yakisukumana hatua kwa hatua. Hata hivyo, Jespersen alikuwa miongoni mwa waliolifanya swali hilo liweze kupimwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu ukuaji na muundo wa Kiingereza alitoa hesabu za mpangilio wa kiima, kitenzi na yambwa. Katika utenzi wa kale wa Beowulf mpangilio huo ulikuwa asilimia 16 tu; katika nathari ya Mfalme Alfred, mwishoni mwa karne ya 9, ulifika asilimia 40; na kwa waandishi wengi wa karne ya 19 ulizidi asilimia 80.

Kutoka kupendeza hadi kupenda

Nguvu ya nafasi ya kiima inaonekana vizuri katika historia ya kitenzi like, ambayo Jespersen aliieleza kwa ustadi. Kiswahili kinayo zana ya kuifafanua, kwa kuwa kina vitenzi viwili pale ambapo Kiingereza kilikuwa na kimoja kilichogeuka.

Katika Kiingereza cha Kale, lician ilikuwa na maana ya kupendeza. Sentensi þam cyninge licode se fisc ilimaanisha kwamba samaki alimpendeza mfalme. Kiima kilikuwa samaki, na mfalme, ingawa alitajwa mwanzoni, alikuwa katika umbo la mpokeaji. Viambishi vilipopotea, sentensi ikawa the king liked the fish. Hakuna tena alama ya kuonyesha kwamba mfalme ni mpokeaji. Wakati huohuo, nafasi iliyo kabla ya kitenzi ilikuwa imekwisha kuzoeleka kuwa nafasi ya kiima. Msikilizaji wa kizazi kipya akamchukulia mfalme kuwa kiima, na kitenzi kikalazimika kubadili maana ili kiendane na ufahamu huo. Kupendeza kukawa kupenda. Maneno yalibaki palepale na mpangilio ukabaki uleule, lakini sarufi iliyo chini yake ikapinduka. Kufikia wakati wa Shakespeare matumizi mapya yalikuwa yameenea, ingawa ya zamani yalikuwa bado yanasikika.

Mfano mwingine ulitoka katika tasnifu yake. Umilikaji katika Kiingereza cha Kale ulionyeshwa katika kila neno la kundi linalomtaja mmiliki. Baadaye alama ya s ilijibandua kwenye nomino moja, ikawa inaningʼinia mwishoni mwa kundi zima. Katika the King of England's crown, alama hiyo imekaa kwenye jina la nchi, ilhali mwenye taji ni mfalme. Mwalimu anayefuata Kilatini angeweza kuona kosa hapo. Jespersen aliona kiambishi kilichokuwa cha neno kikigeuka kuwa alama ya kirai. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesema taji la mfalme wa Uingereza atatambua kwamba lugha yake imechukua njia nyingine: kiunganishi chake hupatana na taji, yaani na kile kinachomilikiwa.

Kanusho lisilotulia

Mwaka 1917 Jespersen alichapisha utafiti kuhusu ukanushi katika Kiingereza na lugha nyingine. Aliona mwendo unaojirudia. Neno la kukanusha, kwa kuwa ni fupi na halina mkazo, hudhoofika. Watu huliongezea neno jingine la kulitilia nguvu. Baadaye neno hilo la nyongeza huchukuliwa kuwa ndilo kanusho lenyewe, na lile la kwanza huachwa. Katika Kiingereza cha Kale mtu alisema ic ne sprece, sisemi. Katika Kiingereza cha Kati akasema I ne speke not, kwa makanusho mawili. Kisha ne ikaanguka, ikabaki I speak not. Baadaye kitenzi kisaidizi kikaingia, ikawa I do not speak, na leo katika mazungumzo not yenyewe imebanwa ikawa n't. Kifaransa kimepita njia inayofanana kwa ne na pas. Mwaka 1979 mwanaisimu wa Sweden, Östen Dahl, aliuita mwendo huo mzunguko wa Jespersen, na istilahi hiyo sasa hutumika hata katika uchunguzi wa lugha za Kibantu.

Utafiti huo uligusa ugomvi wa zamani. Katika miaka ya 1760, Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alifundisha katika sarufi yake kwamba makanusho mawili hufutana kama katika hesabu, na shule zikaipokea kanuni hiyo. Jespersen alionyesha kwamba lugha nyingi hurudia kanusho ili kulitia nguvu, na kwamba Kiingereza chenyewe kilifanya hivyo kwa karne nyingi bila mtu kupotoshwa. Kiswahili ni shahidi mzuri hapa. Katika neno hasemi, ukanushi umeonyeshwa mara mbili, kwa ha- mwanzoni na kwa -i mwishoni, na hajatokea aliyedhani kwamba anayetajwa kwa hiyo anasema.

Kuingia kwa do kulimvutia pia. Katika kuuliza, Kiingereza cha zamani kilitanguliza kitenzi chenyewe mbele ya kiima. Tangu karne ya 16, did ilizidi kubeba kazi hiyo: did the king see the bishop. Kwa njia hii swali hupata alama yake mwanzoni, na kiima bado hubaki mbele ya kitenzi kikuu. Jambo linaloonekana kama nyongeza isiyo na maana lina kazi yake katika kulinda mpangilio ambao maana yote ya sentensi sasa inautegemea.

Sarufi kubwa

Juzuu ya kwanza ya sarufi yake ya Kiingereza cha kisasa, iliyojengwa juu ya misingi ya kihistoria, ilitoka mwaka 1909 na ilihusu sauti na tahajia. Humo ndimo alimolipa jina badiliko kubwa la irabu ndefu za Kiingereza, linaloeleza kwa nini tahajia ya lugha hiyo haifanani na matamshi yake. Juzuu zilizohusu sintaksia zilianza kutoka mwaka 1914, na kazi iliendelea kwa miongo kadhaa.

Mtindo wake wa kazi ulikuwa wa kukusanya. Aliposoma riwaya, tamthilia, barua au gazeti, aliandika katika vikaratasi kila sentensi yenye jambo la kisarufi, na vikaratasi hivyo vikafika maelfu kwa maelfu. Hakuanza na kanuni kisha akatafuta mifano ya kuipamba. Alipokuta waandishi mashuhuri wakitumia they kwa mtu mmoja asiyetajwa jinsia, au wakisema it is me badala ya it is I, hakuwahukumu. Alieleza matumizi hayo yalianza vipi na yanafanya kazi gani. Msimamo huo ulimtenga na walimu waliokuwa wakikikagua Kiingereza kwa miwani ya Kilatini. Katika kitabu chake cha falsafa ya sarufi, cha mwaka 1924, alikataa kabisa dai kwamba nomino za Kiingereza zina uhusika wa aina nne au tano. Kama umbo halipo, alishikilia, haifai kulibuni kwa kuwa tu Kilatini kinalo. Nomino ya Kiingereza ina uhusika wa aina mbili: umbo la kawaida na umbo la umilikaji.

Katika kitabu hichohicho alitofautisha namna mbili za kuunganisha maneno. Katika the old house, maneno yameungana kutaja kitu kimoja, kama tusemavyo nyumba kuukuu. Katika the house is old, kitu kimetajwa na jambo jipya likasemwa juu yake, kama nyumba ni kuukuu. Namna hii ya pili aliiita neksasi. Ubora wa istilahi hiyo ni kwamba neksasi hupatikana hata pasipo sentensi kamili. Mtu anaposema I heard the child cry, alichosikia ni kule kulia kwa mtoto, na maneno mawili ya mwisho yana uhusiano wa kiima na kiarifu ingawa yamefichwa ndani ya sentensi nyingine. Kiswahili huufichua uhusiano huo kwa kiambishi: nilimsikia mtoto akilia. Wanasintaksia wa baadaye walilishughulikia jambo hilohilo kwa majina mengine.

Kipimo kinapovuka mipaka

Katika kitabu cha mwaka 1894, na tena katika kitabu chake kikubwa kuhusu lugha cha mwaka 1922, Jespersen alizitaja lugha za Kibantu. Alitegemea kazi ya Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanya kazi Afrika Kusini hadi alipofariki mwaka 1875, na ambaye ndiye aliyeliingiza jina la Bantu katika isimu. Kilichomvutia Jespersen ni upatanisho wa kisarufi. Aliona kwamba kiambishi cha ngeli hurudiwa katika maneno mengi ya sentensi moja, na akauchukulia urudiaji huo kuwa mzigo na dalili ya hatua za mwanzo za lugha ya binadamu.

Hoja yake inaeleweka kwa mfano wa Kiswahili. Katika vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea, alama ya ngeli na wingi imo katika maneno yote matano. Kwa kipimo cha uchache, hiyo ni hasara mara nne. Lakini kipimo hicho kimehesabu gharama bila kuhesabu faida. Katika Kiingereza, the cup hit the plate and it broke ni sentensi yenye utata, kwa kuwa haijulikani kilichovunjika ni kipi. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kikombe kiligonga sahani, kikavunjika ni habari moja. Kikombe kiligonga sahani, ikavunjika ni habari nyingine. Silabi moja imefanya kazi ambayo Kiingereza kingeihitajia neno zima au maelezo ya ziada. Vilevile upatanisho unamruhusu msemaji kusema kitabu hicho Asha amekinunua, akitanguliza kile anachotaka kukikazia bila kumpoteza msikilizaji. Ni uhuru wa aina ileile ambao Kiingereza kilikuwa nao zamani kikaupoteza.

Wala Kiswahili hakitegemei viambishi peke yake. Katika simba alimwona twiga, wote wawili wana upatanisho mmoja, na msikilizaji hutambua aliyeona kwa nafasi yake kabla ya kitenzi, sawasawa na Mwingereza. Lugha moja inaweza kutumia nyenzo zote mbili, kila moja pale inapohitajika. Schleicher aliwapa wenye viambishi nafasi ya juu. Jespersen aliigeuza ngazi hiyo juu chini, lakini hakuiondoa. Hilo lilikuwa na uzito wake katika zama ambazo Kiingereza kilikuwa kikienezwa kwa nguvu ya dola, kwani ngazi yoyote iliyokiweka Kiingereza kileleni na lugha za Waafrika chini iliwafurahisha wengi waliokuwa na sababu zisizo za kiisimu.

Kasoro ya namna hiyo inaonekana pia katika kauli zake kuhusu wanawake. Alikiita Kiingereza lugha ya kiume kwa maana ya sifa, na katika kitabu cha mwaka 1922 aliandika sura kuhusu lugha ya wanawake iliyodai kwamba msamiati wao ni finyu na kwamba huacha sentensi bila kuzimaliza. Mtu aliyedai ushahidi wa vikaratasi kwa kila kihusishi aliridhika hapo na dhana za barazani, na wanaisimu wa nusu ya pili ya karne ya 20 walizikosoa vikali kauli hizo.

Miaka ya mwisho

Jespersen hakuishia kwenye Kiingereza. Aliandika kuhusu ufundishaji wa lugha za kigeni, akisisitiza kwamba mwanafunzi aisikie na kuitumia lugha katika matini yenye maana, badala ya kukariri kanuni na sentensi zisizohusiana. Alishiriki katika juhudi za kuunda lugha saidizi ya kimataifa, kwanza Ido, kisha Novial aliyoibuni mwenyewe mwaka 1928. Alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1920 hadi 1921. Baada ya kustaafu aliishi miaka yake ya uzeeni Lundehave, mjini Helsingør, akiendelea na sarufi yake kwa msaada wa wanafunzi na wasaidizi.

Mwaka 1941, Denmark ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, alichapisha kitabu kifupi kuhusu ufanisi katika mabadiliko ya lugha. Humo aliirudia hoja ya ujana wake kwa tahadhari zaidi, akipima juhudi za msemaji sambamba na mahitaji ya msikilizaji. Mizani hiyo ya pande mbili, kama ingetumiwa kwa upatanisho wa Kibantu, ingetoa hukumu tofauti na ile ya mwaka 1894.

Alifariki mjini Roskilde tarehe 30 Aprili 1943, akiwa na umri wa miaka 82. Juzuu ya saba na ya mwisho ya sarufi yake ilikamilishwa na Niels Haislund na kutoka mwaka 1949, miaka 40 baada ya ile ya kwanza. Juzuu hizo bado hufunguliwa na kila anayetaka kujua kwa nini sentensi ya Kiingereza imepangwa kama ilivyopangwa. Lugha za Kibantu nazo zimepata sarufi zinazoeleza upatanisho kwa kazi unayoifanya ndani ya sentensi zake zenyewe, kwa njia ileile ambayo Jespersen aliitumia kukieleza Kiingereza.